Vitabu vya maeneo bora ya kuzamia duniani: ninunue kipi ikiwa fedha inatosha kimoja tu?

Mwanagenzi_Kizimkazi

Salaam kwenu nyote. Januari mwaka huu nilihitimu kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi, cheti changu kinaniruhusu kushuka hadi mita 18, na nimeanza kuweka akiba kwa safari moja ya kuzamia mbali na nyumbani. Kabla ya kuchagua pa kwenda ningependa kununua kitabu cha mwongozo, lakini bei zake si za mchezo, na mfuko wangu hauwezi kubeba viwili. Katika duka moja la vitabu mjini nimeshika aina tatu. Ya kwanza ni kitabu kikubwa cha picha kinachozunguka dunia nzima, kila mahali pakipewa kurasa mbili au tatu. Ya pili ni kitabu cha Bahari ya Shamu peke yake, chenye ramani za miamba na michoro ya meli zilizozama. Ya tatu ni kitabu cha kutambua samaki na matumbawe wa Bahari ya Hindi upande wa magharibi. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliovitumia, si kwa waliovipamba rafuni tu.

Mzee_wa_Fungu

Mwanangu, nilinunua kitabu cha aina ya kwanza zaidi ya miaka kumi iliyopita na bado ninacho, kwa hiyo nitakieleza bila kukionea. Sifa yake ni moja, nayo si ndogo: kinakuonyesha kwamba bahari si moja. Ukitoka kwenye kurasa za Raja Ampat kule Indonesia, ambako kuna zaidi ya aina 500 za matumbawe magumu, ukaingia kwenye kurasa za Chuuk, visiwa vya Mikronesia katika Bahari ya Pasifiki, ambako meli za Kijapani zilizozamishwa na ndege za Marekani mnamo Februari 1944 zimelala chini ya ziwa la bahari, unaelewa kwamba swali lako la kwanza linapaswa kuwa unataka kuona nini. Swali la wapi panasifiwa zaidi huja baadaye.

Kasoro yake ni kwamba hakikuulizi una cheti gani. Chukua Blue Hole ya Belize, ambayo haikosi katika vitabu vya aina hii kwa sababu ikipigwa picha kutoka angani inapendeza mno: duara la buluu iliyoiva, upana wake takriban mita 300 na kina chake zaidi ya mita 120. Anachofuata mzamiaji mle ni nguzo za mawe zinazoning'inia, zilizojengeka wakati pango lile lilipokuwa bado nchi kavu, na nguzo hizo huonekana vizuri ukikaribia mita 40, ambao ndio mwisho wa uzamiaji wa kawaida wa burudani. Kwa kina hicho unakaa dakika chache tu, ulevi wa naitrojeni, yaani kizunguzungu kama cha pombe kinacholetwa na hewa ya mtungi kilindini, unaweza kukuanza, na samaki ni wachache. Mwenye cheti cha mita 18 atalipa nauli ya kuvuka nusu ya dunia, kisha ataogelea ukingoni akiwatazama wenzake wakipotelea chini.

Jambo la pili ni mwaka wa kuchapishwa. Ukirudi dukani, fungua kurasa za Galápagos. Ikiwa Tao la Darwin, lile tao la mwamba lililokuwa limesimama baharini, bado limesimama pichani, ujue picha hiyo imetangulia tarehe 17 Mei 2021, siku tao lilipoporomoka na kubaki nguzo mbili. Kuporomoka kwa jiwe hakumdhuru mzamiaji, lakini kitabu kilichoandikwa kabla ya 2016 kinakusimulia pia upande wa kaskazini wa Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, kabla ya joto la mwaka ule kuua sehemu kubwa ya matumbawe yake. Hapo unanunua sifa za marehemu.

Pwani_ya_Muscat

Ninakubaliana na Mzee, ila naongeza kipimo ambacho mimi hukitanguliza: je, kitabu kinaeleza majira kwa mwezi, au kinasema tu kwamba mahali panafaa mwaka mzima? Hapa Oman ninapofanya kazi, visiwa vya Daymaniyat, ambavyo vimekuwa hifadhi tangu 1996 na huingii bila kibali, vinazamiwa karibu miezi yote. Ukishuka kusini hadi Mirbat, upepo wa khareef, ndio kusi ya huku, huchafua bahari kuanzia Juni hadi Septemba, na hakuna boti inayotoka. Maajabu ya Mirbat yanatokana na khareef hiyohiyo, kwa maana upepo huo huinua maji baridi kutoka kilindini, na mwani mkubwa unaota pembeni mwa matumbawe, jambo ambalo ni nadra sana. Niliwahi kusoma kurasa mbili za kitabu cha dunia nzima kilichosifu mwani ule kwa maneno matamu, bila kutaja hata mwezi mmoja. Nilikata tiketi ya Julai. Nilikaa siku nne nikitazama mawimbi kutoka dirishani, na chai yangu ikipoa.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki hali ni ileile. Kitabu kisichotofautisha kusi na kaskazi, wala kisichosema kwamba papa potwe wa Mafia huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, hakimsaidii msafiri.

Bi_Mapezi

Shikamoo Mzee, na wengine hamjambo. Naomba nipingane nanyi kidogo. Mimi ni mwalimu wa kuzamia hapa Nungwi, na kitabu ninachokifungua kila siku ni cha tatu, kile cha samaki. Changu kimevimba kwa chumvi hata hakifungiki tena, jalada limeshonwa kwa mshipi wa kuvulia, na pembeni mwa majina ya Kilatini nimeandika kwa penseli majina niliyopewa na manahodha: mkunga, pono, chewa, kolekole, tasi. Mgeni akipanda botini na kusema ameona samaki wa kijani mwenye mdomo kama wa kasuku, tunafunua ukurasa wa pono, anaweka kidole chenye maji juu ya picha, na ndipo anapotambua kwamba rangi zile mbili alizodhani ni za samaki wa aina mbili ni dume na jike wa aina moja. Hapo ametoka kutazama, ameanza kuona.

Kitabu hiki hakizeeki haraka, kwa sababu pono habadiliki kama bei ya hoteli. Vilevile aina nyingi zilizomo utazikuta Pemba, Mafia, Watamu, Ushelisheli na hata Maldives. Hata hivyo hakitakwambia uende wapi, na sitadai kwamba kinaweza.

Kijana_wa_Kinondoni

Samahani wakubwa, lakini habari zote hizi si zipo kwenye intaneti bure?

Bi_Mapezi

Zipo, mdogo wangu, na bei na ratiba ni bora uzitafute huko. Ila nje ya kisiwa cha Mnemba simu yako haitakusaidia ikiwa imelowa.

Mzee_wa_Fungu

Nirudi kwenye kitabu cha pili, kwa sababu hatujakitendea haki, na kwa maoni yangu ndicho kilichoandikwa na watu waliolowa. Tazama wanavyoieleza meli ya Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Wajerumani tarehe 6 Oktoba 1941. Kitabu cha dunia nzima kitakuwekea picha moja ya pikipiki ndani ya shehena. Kitabu kizuri cha eneo kitakuchorea meli hiyo chumba kwa chumba, kitakwambia kwamba inakaa karibu na mita 30, kwamba mkondo pale unaweza kuwa mkali, na kwamba sitaha yake iko juu zaidi kuliko mchanga. Kwa maelezo hayo unajua mapema kwamba kwanza unahitaji kozi ya pili, ile ya mita 30. Papo hapo utaona kwamba Ras Mohammed, hifadhi tangu 1983, ina kuta ambazo mwenye cheti chako anaweza kuzifurahia bila kushuka sana. Kitabu kikikosa kukukumbusha kwamba baada ya siku kadhaa za kuzamia unapaswa kusubiri walau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kirudishe rafuni.

Mwanagenzi_Kizimkazi

Nawashukuru sana. Leo nimerudi dukani na kukaa nusu saa. Kitabu cha Bahari ya Shamu kina jedwali la miezi, kimeandika urefu wa kwenda chini kwa kila mwamba, na onyo la saa 18 liko ukurasa wa sita, kwa hiyo nimekichukua hicho. Cha samaki nitakiomba kwa Bi Mapezi, nikiahidi kutokilowesha zaidi ya kilivyokwisha kulowa. Kuhusu kile kikubwa, nilimwonyesha muuzaji Tao la Darwin likiwa limesimama wima kwenye kurasa mbili nzima, nikamweleza lilipo sasa. Amekubali kupunguza bei, lakini bado ni ghali.

Bi_Mapezi

Njoo Jumamosi, maji ni mafu na tutakuwa na nafasi botini. Penseli ulete yako.