Tupeane uzoefu: wiki zako za kwanza kwenye klabu ya triathloni zilikuwaje?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Mwaka huu nimejiunga na klabu ya triathloni hapa Dar. Kila tukikaa kunywa madafu baada ya mazoezi nasikia visa ambavyo haviandikwi kwenye ratiba. Naomba tuvikusanye hapa, maana wapo wengi wanaotamani kuanza ila hawajui mtu anakutana na nini siku za mwanzo.

Kwa wageni wa mchezo: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia na mbio, na saa inaendelea kuhesabu hata unapovaa viatu. Wanaoanza wengi wanalenga ile fupi, yaani mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Ya Olimpiki, iliyoingia Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hiyo.

Naanza mimi. Nimekulia karibu na bahari, maji siyaogopi. Kocha alinitazama nikivuka bwawa mara moja tu, akanikalisha ukingoni na kuniambia nimwangalie dada mmoja anavyopumua. Yule dada alikuwa anatoa pumzi yote ndani ya maji, mapovu yanatoka bila kukatika, kisha anageuza kichwa pembeni kidogo tu na kuvuta hewa. Jicho moja linabaki ndani ya maji. Sisi wa pwani wengi tunaogelea kichwa juu, na kichwa kikipanda miguu inashuka, basi nguvu yote inaishia kuburuta miguu. Wiki ya kwanza yote kazi yangu ilikuwa kushika ukingo na kutoa mapovu, huku watoto wa darasa la kuogelea wakipita njia ya jirani. Nawaambia kwa moyo mmoja, hakuna kipindi kilichonisaidia kuliko hicho. Asiyejua kutoa pumzi atachoka kabla ya mita 50, awe na kifua cha namna gani.

Jambo la pili ni bahari yenyewe. Pale Coco Beach maji yakikupwa unatembea juu ya miamba, kwa hiyo klabu inapanga mambo kwa jedwali la maji. Maji kujaa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi yamejaa tunaogelea, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa, tunaanza na baiskeli kuelekea Daraja la Tanzanite. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kocha hutuweka karibu na ufukwe kwa sababu mkondo una nguvu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndiyo siku za kwenda mbali kidogo. Wavuvi wanayajua haya tangu zamani, na mzee mmoja wa ngalawa huwa tunamuuliza kabla hatujaingia.

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Shukran kaka kwa kufungua. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa kisiwani na sikuwahi kuogelea hadi nilipokuwa mtu mzima. Kwetu wavulana walikwenda kuruka baharini, sisi tulibaki kuangalia nguo zao. Kwa hiyo nilipoingia klabu nilianza na hofu ya kuzamisha uso.

Klabu yetu ina saa ya kina mama bwawani, mwalimu ni mwanamke, na wengi tunavaa nguo ya kuogelea ya kufunika mwili mzima pamoja na kitambaa cha kichwa. Nataka dada zangu wajue hili: nguo ya kitambaa chepesi cha kuogelea haizuii chochote. Kinachozuia ni nguo ya pamba, maana inanyonya maji na kukuvuta chini. Nunueni iliyoshonwa kwa kazi hiyo, au mpeni fundi kitambaa cha aina hiyo awashonee.

Siku ya kwanza baharini, ndani ya mwamba upande wa Nyali, maji yalikuwa shwari lakini chini sikuona kitu. Moyo ulienda mbio, pumzi zikawa fupi fupi. Mwenzangu alikuwa pembeni yangu na boya la rangi ya chungwa lililofungwa kiunoni. Akaniambia, "Lala chali, angalia mbingu, hesabu pumzi kumi." Nikalala. Maji ya chumvi yanakubeba yenyewe ukiyaacha. Nilipotulia tukaendelea, kila baada ya mikono kadhaa nikiinua macho kutafuta mnazi mrefu tuliouchagua tangu nchi kavu, maana baharini hakuna mstari wa kufuata kama bwawani. Siku hizi binti yangu mkubwa anakuja nami, na hofu hiyo yeye hana.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi nimetoka upande wa Kericho, mbio nimekimbia tangu shule. Nilifikiri kilomita 5 za mwisho zitakuwa zangu. Kocha akatupeleka baiskeli, tukashuka, tukaanza kukimbia hapo hapo bila kupumzika. Aisee! Miguu ilikuwa mizito kama magogo. Mapaja hayatii, hatua zinakuwa fupi, na saa inaonyesha unaenda polepole kuliko unavyohisi.

Kocha alisema kilomita ya kwanza huwa hivyo kwa kila mtu, na dawa yake ni kuizoesha miguu mara kwa mara, hata kama ni dakika kumi tu za kukimbia baada ya kila safari ya baiskeli. Pia akatufundisha kushusha gia tukikaribia kumaliza, tupige pedali haraka haraka kwa gia nyepesi. Hiyo imenisaidia sana. Wakimbiaji wenzangu, msije na haraka ya kuonyesha mbio. Huu mchezo unataka ubaki na akiba.

Mchangiaji, Mwanza

Huku ziwa liko mlangoni ila hatuingii ovyo. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na vimelea vyake vinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji tulivu yenye majani karibu na ufukwe, vinapenya ngozi bila wewe kuhisi. Kwa hiyo kwenye klabu yetu mafunzo ya kuogelea ni bwawani. Tukienda ziwani tunapelekwa kwa mtumbwi hadi kwenye kina, mbali na matete, na mahali ambapo wenyeji wanapajua kwa habari ya mamba pia.

Nilipojiunga, mlezi wetu alinielekeza hospitali nikapange na daktari lini nipime. Wengine hukimbilia kumeza dawa siku ile ile waliyotoka majini. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, ukiimeza mapema mno haikumalizii tatizo. Muulizeni daktari, msiulizane mitaani.

Mchangiaji, Morogoro

Wadau, mimi nina swali. Baiskeli! Ninayo ya kawaida yenye kapu mbele. Nisubiri nipate ya mbio?

Mchangiaji, Arusha (fundi baiskeli na mwanaklabu)

Usisubiri mdogo wangu. Njoo na hiyo, toa kapu. Ukija kununua, za mtumba zipo nzuri, ila angalia kwanza fremu kama ina ufa kwenye maungio, zungusha rimu uone kama inayumba, na pima cheni kama imelegea. Rangi isikudanganye. Kubwa kuliko yote ni saizi: kaa juu yake, pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo. Baiskeli kubwa kuliko mwili wako itakuumiza mgongo na magoti, na hakuna bei rahisi itakayofidia hilo.

Kofia ngumu usikope, nunua mpya, maana iliyowahi kupigwa chini inaweza kuwa na ufa usioonekana. Na ujizoeze tangu sasa: unafunga mkanda wa kofia ndipo unagusa baiskeli. Ukitoka majini umechoka akili haipo, na mashindanoni ukitoa baiskeli kwenye stendi kabla ya kufunga utaadhibiwa. Sisi tunafanya zoezi hilo kwenye maegesho ya magari, viatu chini, kofia juu ya usukani imefunguliwa mikanda, hadi mkono unajua wenyewe.

Mchangiaji, Maskati

Assalaam aleikum. Wazee wangu walirudi Omani kutoka Unguja, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Hapa tunapambana na joto. Miezi ya kiangazi inapita nyuzi 40, kwa hiyo klabu inaondoka na baiskeli mara tu baada ya sala ya Alfajiri, na jua likichomoza vizuri tunakuwa njiani kurudi.

Mwalimu wetu aliwataka wote wapya wajipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Nilipoona namba yangu nilielewa kwa nini kichwa kiliniuma kila Ijumaa mchana. Sasa nakunywa kidogo kidogo kila baada ya muda, na maji yangu yana chumvi na limau. Tangu 2020 kuna mashindano ya nusu masafa hapa Maskati, yaani nusu ya triathloni ile ndefu: kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio, na hufanyika msimu wa baridi. Nimekwenda kusaidia kugawa maji, ukimwona mtu wa umri wa baba yako anamaliza unalia.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nitasema langu kwa ufupi. Klabu yangu ya kwanza, sitaitaja, ilikuwa inawaacha wapya barabarani. Nilipata pancha Bagamoyo Road, kundi likapita, nikasukuma baiskeli peke yangu malori yananipita kwa karibu. Niliacha mchezo kwa muda mrefu. Viongozi wa klabu mnaosoma hapa, wekeni mtu wa nyuma kabisa mwenye pampu na tyubu, na asimpite mtu yeyote mpaka wote wamefika.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Pole sana mkuu. Kwetu mtu wa nyuma yupo, ni zamu, na wiki hii ni mimi. Njoo Jumamosi.

Mdau wa Morogoro, toa hilo kapu uanze. Na kama kuna aliyeko Rwanda, tunaomba atueleze Rubavu. Nasikia tangu 2022 wana mashindano ya nusu masafa pale Ziwa Kivu, na wenzetu wawili wanafikiria kwenda.

Mchangiaji, Kigali

Nipo, Mtanzania nafanya kazi huku. Rubavu ni zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar afike siku kadhaa kabla, kifua kizoee. Maji hayana chumvi, hayakubebi kama ya Coco Beach, mjizoeze bwawani pia. Baiskeli iwe na gia nyepesi nyuma, milima ya huku haina mzaha. Wakishaamua tarehe waniambie, tutawatafutia pa kulala karibu na ziwa.