Wauza vifaa vya baiskeli, acheni kutuuzia kliti kwa rangi!

Wakuu, leo nimechoka na naomba mnivumilie, maana hili jambo litakuja kuua mtu.

Kuna duka hapa Dar linalouza vifaa vya baiskeli za rodi, zile za kukimbiza kwenye lami. Niliagiza kliti, yaani vile vipande vinavyofungwa chini ya kiatu ili kinase kwenye pedeli, za Shimano SPD-SL (mfumo wao wa rodi), nikaandika kabisa kwenye ujumbe: ZA NJANO. Nikatuma hela, bodaboda akaleta mzigo, nafungua pakiti nakuta nyekundu. Nikapiga simu. Jibu nililopewa: "Kaka, hizo hizo tu, rangi ndiyo tofauti. Tena nyekundu ndizo za watu wa mbio." Nikasema basi nibadilishieni. "Mzigo ukishatoka dukani haurudi."

Rangi ndiyo tofauti! Mtu anauza kitu kila siku na hajui anauza nini.

Kwa Shimano rangi siyo urembo. Kliti ya njano inauachia mguu ucheze digrii 6, ya bluu digrii 2, nyekundu ni sifuri. Ukiwa na nyekundu kisigino hakisogei hata kidogo, kinabaki palepale skrubu zilipokazwa. Sasa mguu unazunguka mara 80 au 90 kwa dakika, na kwa watu wengi kisigino kinaingia ndani na kutoka nje kidogo kila mzunguko. Ukikifunga pale chini, msokoto wote unapanda gotini. Nyekundu ni za mtu aliyepimwa mkao wake na anajua kwa nini anazitaka. Kumpa mtu aliyeanza mwezi uliopita ni kumnunulia maumivu ya goti kwa hela yake mwenyewe.

Halafu nenda kwa Look Keo, pedeli na kliti za kampuni nyingine, uone. Huko nyekundu ndiyo yenye uhuru mkubwa kuliko zote, digrii 9. Kijivu 4.5, nyeusi sifuri. Yaani rangi ileile, maana kinyume kabisa. Muuzaji anayekuambia "chukua nyekundu" bila kukuuliza pedeli yako ni ya kampuni gani, huyo anabahatisha na magoti yako.

Ila yangu ni hela tu. Kilichonipandisha hasira ni mdogo wangu. Yeye alienda dukani hapohapo mwenyewe, akauziwa seti nzima: viatu, pedeli za Look Keo, na kliti za Shimano. Viatu vina matundu matatu chini na matundu hayo yanapokea kliti za kampuni zote mbili, kwa hiyo muuzaji akaona kila kitu kimekaa. Kwa macho kliti zenyewe zinafanana kweli, vipande vya plastiki vya pembetatu. Ziweke mezani ubavu kwa ubavu utaona pua ya mbele haina umbo moja, na ule mdomo wa nyuma unaoshikwa na springi haulingani. Hazikutengenezwa kuingiliana. Dogo alirudi kulalamika kwamba kiatu hakinasi vizuri, akaambiwa akanyage kwa nguvu, itazoea. ITAZOEA!

Akakanyaga kwa nguvu. Ikanasa nusu. Karibu na taa za Mwenge akainuka kwenye siti ili apate kasi, mguu wa kulia ukachomoka, akalala kwenye lami, na nyuma yake daladala. Mungu ambariki yule dereva, alifunga breki. Kiwiko na paja vimechunika, lakini yuko hai. Mama mpaka leo hataki kuiona ile baiskeli sebuleni.

Na msiniambie eti teknolojia ngeni. Look, waliokuwa wanatengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, walitoa pedeli hizi mwaka 1984, na 1985 mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France akiwa nazo. Zaidi ya miaka 40! Mwenye duka ameshindwa hata kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Wageni wa mchezo huu, mkienda dukani geuzeni kiatu kwanza. Matundu mawili ni mfumo wa SPD (siyo SPD-SL), matatu ni wa rodi, kama SPD-SL na Look Keo. Na kwa foleni zetu za Dar, mimi nasema wazi: anzeni na SPD ya matundu mawili, hata kwenye baiskeli ya rodi. Kliti ni ya chuma, imezama ndani ya soli, unatembea kama mtu. Ulizeni kliti ya SH56, inaachia mguu ukisokota kisigino pande mbalimbali, siyo nje tu kama SH51. Wauzaji wanazicheka eti za milimani. Wacheke. Halafu legezeni springi ya pedeli kwa alenki mpaka mwisho wa alama ya kutoa, mkaze baadaye mkishazoea kuchomoa mguu bila kufikiri.

Jambo la mwisho, maana hilohilo duka lina fundi wake. Pedeli ya kushoto inakazwa kinyume na ya kulia. Huyo bwana aliilazimisha ya dogo kwa spana ndefu kuelekea upande usio wake mpaka nyuzi za krenki, ule mkono unaoshika pedeli, zikasagika, akapaka grisi juu, akamkabidhi baiskeli. Tumeligundua hilo baada ya ajali, pedeli inacheza ukiishika kwa mkono.

Kwa hiyo wakuu, nahitaji vitu viwili. Mwenye kliti za njano za Shimano, halisi, zenye zile raba za pembeni za kutembelea, aje PM. Na anayemjua fundi Dar mwenye vifaa vya kuchonga upya nyuzi za krenki upande wa kushoto, naomba aniunganishe naye wiki hii.