Hivi "wote mnakaribishwa" kwenye mihadhara ya Mlimani ni wote kweli?

FundiBetri
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Mwenge, elimu yangu form four ya kuungaunga, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, nakijua kwa dirisha la daladala tu, naona wanafunzi wanashuka mi naendelea na safari zangu. Sasa juzi mteja mmoja, nadhani ni mwalimu kule, kaniletea simu inazima yenyewe, wakati naijaribu ikaingia tangazo la whatsapp lina picha ya profesa, mhadhara wa wazi, mada madini ya betri, kobalti ya Kongo na grafiti ya kwetu Mahenge, Jumatano saa nane mchana, chini wameandika wote mnakaribishwa. (Sikuchungulia makusudi, kioo kiliwaka chenyewe, msinianze.)

Betri ndo ugali wangu. Nabadilisha tatu nne kwa siku na sijawahi kujua yale makorokoro ya ndani yanatoka wapi. Sasa hiyo "wote" ni wote kweli au wote wao kwa wao? Kuna kiingilio? Getini wataniuliza kitambulisho cha chuo? Nivae nini? Na kingereza changu ni cha kusoma boksi la chaja. Halafu nasikia kuna shoo za muziki za bure kule, mwenzangu anapenda sana ngoma za asili, hizo mnazijuaje?

Changanyikeni_Juu
Mkuu nenda bila wasiwasi. Nimeishi jirani na chuo miaka kumi na kitu na sijawahi kuwa mwanafunzi pale, ila mihadhara nimeingia mpaka nimesahau idadi. Daladala zinapita ndani kwa ndani, kwa hiyo hakuna cha kusimamishwa getini, panda inayopita chuo shuka Utawala uliza ukumbi wa Nkrumah, hata muuza karanga atakuonyesha. Kama ni ukumbi mwingine, Yombo au kwingine, angalia tangazo vizuri maana pale ni pakubwa, unaweza ukatembea kilima chote jua la saa nane likakumaliza, ukafika umelowa kama umetoka kuogelea.

Kiingilio hakuna. Mlangoni kuna meza, wadada wawili na karatasi ya mahudhurio. Sasa hapo ndo watu wa mtaani tunapoogopa, maana ina safu ya jina, safu ya taasisi, cheo, simu, saini, na aliyekutangulia kaandika Dkt. fulani wa wizara fulani. Mara ya kwanza pale kwenye taasisi nilisimama na peni kama nafanya mtihani, nyuma foleni inakohoa. Nikaandika "Binafsi". Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka leo. Andika Mwenge, andika fundi, hiyo karatasi ni ya kuonyesha mfadhili watu walikuja.

Nguo, suruali na shati safi basi. Kaa katikati, usikae nyuma kabisa, spika za nyuma huwa zinakoroma.

Chapa_ya_Ng'ombe
Kaka sahau saa nane, saa nane ni ya kwenye tangazo. Saa nane na nusu mafundi wanahangaika na projekta, saa tisa kasorobo anaingia mgeni rasmi mnasimama, halafu inaanza itifaki. Atatajwa makamu mkuu wa chuo, naibu wake, rasi, mkuu wa idara, mwakilishi wa ubalozi, mpaka mtu aseme "itifaki imezingatiwa" wewe ungekuwa umeshafungua simu mbili na kuzifunga. Na kila anayepanda jukwaani anaizingatia upya 😂

Ila wakati wa maswali usikose. Kuna mzee mmoja yuko kila ukumbi wa nchi hii, anashika maiki anasema "mimi sina swali, nina mchango, ila kabla ya mchango nitoe historia fupi".

MamaZuu
Mi nitasema ukweli wangu maana wenzangu mnampamba tu. Mwaka juzi nilikwenda kongamano chuo kimoja, siyo hicho cha Mlimani na jina silitaji, tangazo hivyo hivyo karibuni wote. Nimetoka sokoni nimevaa dera na ndala safi, mlinzi wa ukumbi akaniangalia juu mpaka chini akaniambia mama wahudumu wa chakula wanapitia mlango wa nyuma. Nikamwambia nimekuja kusikiliza. Akasema basi subiri pembeni nikaulize. Nilisubiri mpaka nikasikia makofi ya kufunga. Kilichoniuma siyo mlinzi, yule kafundishwa hivyo, kilichoniuma mada ilikuwa wanawake wafanyabiashara wadogo. Yaani mimi.

Kwa hiyo mdogo wangu nenda, ila vaa viatu vya kufunika.

Mstaafu_58
MamaZuu pole sana. Hayo yapo lakini hayakuanza na wala hayakuwa desturi ya Mlimani, ngoja niwape kidogo. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, wanafunzi wa sheria hawafiki hata 15, kikahamia kilimani 1964. Enzi hizo Walter Rodney, mwanahistoria Mguyana, alifundisha pale 1966 mpaka 67 akarudi tena 1969 mpaka 1974, na vijana walikuwa na umoja wao wa wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake Museveni huyu huyu wa Uganda alikuwa mwanafunzi pale. Jumapili asubuhi wengine wako ibadani wao wana darasa la itikadi. Tena mijadala ilikuwa inavuka mipaka, 1970 Rodney alikwenda Makerere akapambanishwa na msomi Ali Mazrui wa Mombasa, mjadala ule watu bado wanauzungumzia.

Baba yangu mdogo alikuwa mpishi pale chuoni. Kingereza hakijui, lakini jioni ukumbi ukijaa alikuwa anasimama mlangoni na aproni yake, kuna mwanafunzi akawa anamnong'oneza anamgeuzia kwa Kiswahili. Mpaka anafariki alikuwa anabishana habari za ubeberu kuliko sisi tuliosoma.

Nkrumah wengi mnaijua bila kujua mnaijua, ndiyo ile ya nyuma ya noti ya mia tano, ile ya Karume, kabla haijaja sarafu. Na kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani nafasi ya heshima ya uprofesa, kilianzishwa 2008, wa kwanza kukikalia ni Profesa Issa Shivji, na Aprili 2009 wakafanya wiki ya kwanza ya tamasha la wasomi, akaletwa mwandishi Wole Soyinka kutoka Nigeria. Aprili kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 mwezi huo. Katika mihadhara ile niliona watu wa kila aina, na Kiswahili kilikuwa kinapigwa waziwazi.

Kuhusu lugha kijana wangu, uliza kwa Kiswahili. Profesa akishindwa kukujibu kwa Kiswahili tatizo ni lake.

zeze_na_filimbi
Nije kwenye muziki maana wote mmemruka shemeji yetu. Mimi nimesoma Sanaa Bunifu pale pale. Shoo nyingi haziitwi shoo, zinaitwa mtihani wa vitendo 😅 mwisho wa semesta wanafunzi wanapiga ngoma, marimba, zeze, maigizo, wasahihishaji wako mbele na karatasi zao, nyuma wanakaa marafiki na yeyote aliyesikia sauti akaingia. Wenyewe tulikuwa tunaomba watu waje, kupigia ukumbi mtupu ni adhabu. Niliwahi kupiga zeze mbele ya walimu watatu na paka, paka akaondoka kwanza.

Matangazo yenyewe hayafiki mtaani. Yanabandikwa kwenye ubao wa idara na magrupu ya wanafunzi, basi. Fanya hivi, siku ukienda kwenye mhadhara wako pitia idarani uliza ratiba. Halafu Taasisi ya Confucius hapo hapo chuoni huwa na burudani za mwaka mpya wa Kichina. Na TATAKI, hao wa Kiswahili, makongamano yao ni Kiswahili mwanzo mwisho, hasa kuelekea tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, utajiona uko nyumbani.

Ukipenda mbali zaidi mpeleke Bagamoyo kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, lile lipo tangu 1982, siyo chuo kikuu lakini ngoma utakazokuta huko hutazipata Mlimani.

Kanairo254
Jirani salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Taifa Hall pale main campus ya University of Nairobi ni hivyo hivyo, public lecture ni ya kila mtu, lakini gate lazima ubebe ID, soja anaandika kwa kitabu. Mimi huenda lunch hour nikitoka job, nikikosa kuelewa angalau nimekaa mahali kuna kivuli.

FundiBetri
Wakuu nimerudi, nilienda jana. MamaZuu nilivaa raba za kufunika 🙏 Mzee Mstaafu shikamoo, ukumbi nimeutazama ile paa yake nikakumbuka noti.

Itifaki dakika thelathini na mbili, nilipima. Kwenye safu ya taasisi nikaandika Fundi Simu Mwenge, yule dada akasoma akacheka akaniambia karibu, akanipa maji na peni. Mhadhara kingereza nusu Kiswahili nusu, picha zilinisaidia. Nimeelewa kwamba grafiti inakaa upande mmoja wa betri na kobalti upande wa pili, betri nimezishika miaka sita sikujua. Na Kongo peke yake wanatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, hapo ukumbi ulitoa mguno.

Maswali yakafika, yule mzee wa mchango yupo kweli jamani!! Baada yake nikanyoosha mkono, mapigo ya moyo huku. Nikauliza kwa Kiswahili, mimi nina ndoo imejaa betri zilizovimba nyuma ya kibanda, sijui pa kuzipeleka, na nyie mnazungumzia za kutoka ardhini tu, hizi za kurudi je? Profesa akanyamaza kidogo akaniuliza ndoo ya lita ngapi. Nikasema ishirini. Akaandika kwenye karatasi yake, akasema anataka aje kuiona, namba akachukua.

Sasa wakati nakaa, safu ya mbele mtu akageuka, nani kama siyo mwenye ile simu inayozima. Kanikazia macho, akaninong'oneza ukumbi mzima umetulia, "fundi, yangu imeisha?"

Nikamwambia bado nasubiri betri.