Duka la mjomba linaendeshwa na FoxPro. Hii lugha ilitoka wapi, na data nitaitoaje?

MpwaWaGerezani: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mjomba ana duka la spea Gerezani. Hesabu zote, kuanzia stoo mpaka madeni ya mafundi gereji, ziko kwenye kompyuta moja ya zamani: skrini ya bluu, maandishi meupe, kipanya hakitumiki. Nimemletea laptopu mpya, nikahamisha folda nzima, programu imegoma. Ndani kuna mafaili ya .dbf (majedwali ya data) na .prg (maandishi ya programu yenyewe). Mimi lugha ya programu ninayoijua ni Python tu. Aliyeiandika hapatikani tena.

BitiNaBaiti: Antika hiyo. Tupa, anza upya.

MzeeDisketi: Madeni ya watu yanaanzwaje upya wewe?

Marahaba mpwa. Hiyo skrini ya bluu ilinilisha. Nimeandikia maduka ya Kariakoo programu za stoo, umeme ukikatika katikati ya mauzo unashika kichwa.

Babu wa FoxPro ni dBASE, programu ya kutunza na kupekua data. Mwaka 1978 Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi maabara ya Jet Propulsion Laboratory (JPL) kule California, alitaka kushinda mchezo wa kubashiri mpira wa Kimarekani pale kazini. Akaandika programu ya kumtunzia takwimu, akiiga JPLDIS, programu ya data iliyokuwa kwenye mashine kubwa za ofisi. Akaiita Vulcan. George Tate na Hal Lashlee walipoanza kuiuza wakaibatiza dBASE II. Namba moja haikuwahi kuwepo! Mteja akisikia mbili anajua ya kwanza ilishajaribiwa. Hao wangeuza Kariakoo bila shida.

Utamu wake ni amri. USE MADENI inafungua jedwali la madeni, halafu LIST FOR BAKI > 0, wadaiwa wote hao hapo. Mwenye duka nilimfundisha asubuhi, jioni ananifundisha mimi.

Fox Software ya Ohio wakatengeneza yao, inaelewa amri zile zile ila inakimbia. FoxPro ikatoka 1989. Wenye dBASE walikuwa wameshawapeleka mahakamani 1988. Mwaka 1991 Borland ikainunua kampuni ya dBASE, kesi ikaishia njiani. 1992 Microsoft ikainunua Fox. Toleo la mwisho, Visual FoxPro 9, ni la 2004.

Sasa yako. Ni ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa maandishi, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS. Weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Kabla ya yote nakili folda nzima kwenye fleshi, na faili la .fpt (lenye maelezo marefu) usilitenganishe na .dbf yake. Ukitaka kutazama tu, LibreOffice Calc inafungua .dbf. Zile .prg fungua kwa Notepad uzisome polepole, ndimo zilimo sheria za duka: nani anapunguziwa bei, nani hakopeshwi. Na amri ya REPLACE usiiguse, inaandika juu ya data bila kukuuliza.

MpwaWaGerezani: DOSBox imekubali! Mjomba amepiga makofi. Nimepiga LIST kwenye madeni, naona jina la baba yangu, 14,500, mwaka 1998. Pembeni kuna nyota. Nyota maana yake nini?

MzeeDisketi: Ni DELETE hiyo. Kwenye FoxPro DELETE inaweka alama tu, rekodi inabaki mpaka mtu apige PACK, ndipo inafutika kabisa. Mjomba alimsamehe shemeji yake, ila PACK hajapiga.

BitiNaBaiti: Miaka yote hiyo?

MzeeDisketi: Mpwa, usiipige wewe.