Wakili wa kesi za vifo kazini huku Nyanda za Juu Kusini: njia ikoje?

Kihesa Juu

Kamwene wakuu. Uingereza kuna mabarista (wa mahakamani, si wa kahawa) ambao miaka nenda rudi wanashika kesi za vifo na ajali za kazini tu. Leo yupo upande wa mashtaka, mwezi ujao anamtetea mwajiri mwingine kabisa. Kwa mwenye LLB (shahada ya sheria) aliyeko Iringa na anayetaka kubobea humo, njia ya huku ikoje? Kazi ipo ya kutosha, au mtu ataishia kuandika mikataba ya viwanja? Naomba majibu ya wanaoijua kazi, "komaa tu" nimeshazisikia.

Isyesye

Usiige ramani ya kule, haitakufikisha. England mtu anasoma kozi ya baa, anapokelewa na mojawapo ya Inn nne (vyama vya mabarista) za London, kisha anakaa miezi 12 chini ya barista mzoefu. Wateja wengi wanamfikia kupitia solisita, yaani wakili wa ofisini anayepokea wateja. Bara hatuna mgawanyo huo: wakili yuleyule anamsikiliza mjane asubuhi, anaandaa hati mchana na kusimama mbele ya hakimu kesho yake. Kwa hiyo ni Shule ya Sheria kwa Vitendo, maombi kwa Baraza la Elimu ya Sheria, kuapishwa na Jaji Mkuu, halafu leseni unayoihuisha kila mwaka. Hakuna cheti cha "wakili wa vifo kazini". Ubobezi unaujenga mwenyewe, faili baada ya faili.

Tofauti kubwa iko kwenye jinai. Kule wana sheria ya mwaka 2007 inayoishtaki kampuni yenyewe kwa kusababisha kifo. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani, mwaka 2011, ilikuwa Cotswold Geotechnical Holdings: shimo la kupimia udongo lilimfukia mfanyakazi, faini ikawa pauni 385,000. Sisi hatuna kosa maalumu la namna hiyo. Tuna kuua bila kukusudia, kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu, na makosa yaliyomo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003. Na mashtaka ni mali ya DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Wakili wa kujitegemea atamtetea mshtakiwa, au atakaa mahakamani kuifuatilia kesi kwa niaba ya familia, basi. Roho yako ikipenda kushtaki, tafuta nafasi Ofisi ya Taifa ya Mashtaka au kitengo cha sheria cha OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira.

Mafinga Mjini

Sheria utaisoma. Wanachoshindwa mawakili wengi huku ni kuijua kazi iliyomuua mtu. Chukua msitu, maana Mufindi ndiyo mkate wetu.

Mti unaangushwa kwa mikato miwili. Mdomo unakatwa upande unaotaka mti uangukie, kina chake robo hadi theluthi ya kipenyo. Kisha unakuja mkato wa nyuma, lakini haufiki mwisho: unaacha bawaba ya mbao ambayo haijakatwa, kama sehemu ya kumi ya kipenyo. Kwa mti wa sentimita 40, mdomo ni sentimita 10 hadi 13 na bawaba ni 4. Mkataji akiipitisha chensoo hadi akaimaliza bawaba, mti hauna tena kinachouongoza. Unageuka unakotaka. Watu wengine wote wanatakiwa wawe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti, yaani mita 50 kwa mti wa mita 25.

Sasa ona: kisiki kinasema yote hayo. Kipige picha na futikamba juu yake, toka juu na ubavuni, kabla hakijakatwa upya au kuchomwa. Pima kutoka kwenye kisiki hadi mwili ulipokutwa. Mwajiri akidai marehemu "alizubaa", muulize kwanza kwa nini kibarua wa kukata matawi alipangiwa kazi mita 15 kutoka kwa mkataji.

Kwenye ding dong nako, ile mashine ya kupasulia mbao, tazama vitu vitatu: kifuniko cha msumeno, kinga ya mkanda wa injini, na kile kisu cha nyuma ya msumeno kinachozuia ubao usibane na kurushwa kwa mpasuaji. Mara nyingi kifuniko kimevuliwa kwa sababu kinachelewesha kazi. Swali la maana si kama kipo. Ni nani alisema kivuliwe, lini, na sasa kiko wapi. Kifuniko kilichokutwa stoo kina vumbi na buibui kina ushahidi mzuri kuliko mashahidi wawili wanaoogopa kupoteza kibarua.

Halafu karatasi: orodha ya mafunzo yenye sahihi na tarehe, tathmini ya hatari, kumbukumbu za matengenezo, daftari la kugawa vifaa vya kinga. Ziombe kwa maandishi mapema. Ukikuta sahihi za miezi sita zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hapo una maswali ya kutosha siku nzima.

Uyole

Naongezea upande wa madai, ndiko kesi nyingi za huku zinakofia.

Swali la kwanza ni mwajiri ni nani. Mwenye shamba la miti atasema alimpa kazi mkandarasi, mkandarasi atasema wale ni vibarua wa siku. Mwenye lori atasema utingo aliletwa na dereva. Usiukubali mjadala huo kirahisi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikithibitika hata dalili moja tu: saa zake au namna ya kufanya kazi inaamuliwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ushahidi wake ni wa kawaida kabisa: miamala ya simu ya kila Jumamosi, daftari la mahudhurio, kundi la WhatsApp ambamo msimamizi anapanga zamu.

Ukishampata mwajiri, fidia inadaiwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria Na. 20 ya 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Dai lisivuke miezi 12. Familia huchelewa kwa sababu ya vikao vya ukoo na kwa sababu vyeti havipo: cheti cha kifo, cha ndoa, vya kuzaliwa watoto. Anza navyo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wiki hiyohiyo ya msiba. Ndoa ya kimila isiyo na karatasi inahitaji kuthibitishwa, usiiache hadi siku ya mwisho.

Usimsahau mtu wa tatu. Dereva aliyegongwa na basi la wengine akiwa kazini pale Iwambi ana dai pia dhidi ya mwenye basi. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu, na ukifungua kwa niaba ya mirathi lazima msimamizi awe ameshateuliwa.

Kosa la kijinga ninaloliona kila mara ni kupeleka dai la kifo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. CMA ni ya migogoro ya ajira, fidia ya kifo haipo mezani pake.

Kihesa Juu

Ahsanteni sana. Sasa nani analipa? Mjane wa kibarua hana ada ya wakili.

Isyesye

Hana, kweli. Ndiyo maana wengi wanakula upande wa pili: kampuni za chai, migodi, wasafirishaji, bima. Wanalipa kwa mwaka, na kazi si kesi tu. Unakagua mikataba ya wakandarasi, unasoma tathmini za hatari, unaitwa usiku ajali ikitokea. Ila ukishakuwa wakili wa kampuni huwezi kumpokea mjane wa mfanyakazi wake, na huku waajiri wakubwa wanahesabika. Amua mapema, au chagua sekta: tetea waajiri wa usafirishaji, simamia familia za msituni.

Na kabla ya yote, soma kozi ya usalama kazini ya OSHA, ukae darasani na maofisa usalama wa viwandani. Wao ndio mashahidi wako wa kesho.

Mafinga Mjini

Na nunua futikamba ya mita 50. Ile ya fundi nguo haifiki.