Mnanaha kwa wenye pumu: uzuiwe au uachwe?

Mdau wa Chumbageni: Wana-Tanga, wauza dawa za asili waachwe wauze majani makavu ya mnanaha kwa wenye pumu, wayavute? Sheria ya 2002 inaitambua tiba asili, sawa, lakini hizi ndulele huua.

Mzee Kisamvu: Ndulele? Usituchanganyie majani, mwanangu. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta, na tunda la miiba likikauka hupasuka pande nne. Ndulele ni kitunda laini cha mviringo, huiva njano. Miiba yake iko shinani. Ukoo mmoja, sumu mbili.

Binti Pangani: Hiyo "ndulele" mmeitoa bara. Hapa ni tunguja.

Mzee Kisamvu: Sawa bibie, ila atakuja mtu aichanganye na tungule, aungie mchuzi.

Kaka Makorora: Nyanya ni nyanya! Tungule waachieni Mombasa.

Binti Pangani: Wazee wa Tanga wasema tungule. Wewe umehamia lini?

Mdau wa Chumbageni: Jamani, pumu!

Kaka Makorora: Haya, pumu. Wazungu wenyewe waliuvuta mnanaha, wakifundishwa na Waarabu. Leo mnamsakama mganga.

Nesi wa Zamu: Walijifunza India, Madras, 1802, sigara za pumu zikafuata. Tatizo ni kipimo. Sumu ya mnanaha ni pamoja na atropini, ambayo hospitalini ni dawa: kichupa kimoja cha sindano kina miligramu 0.6 au 1. Mbegu 100 za mnanaha hubeba kama 6, na kichaka hiki si sawa na kile. Mbaya zaidi ni anayechemsha. Atropini hulegeza utumbo, kwa hiyo huingia mwilini polepole. Mtu haoni kitu, anaongeza kikombe. Baadaye mdomo mkavu, mboni zimetanuka, ngozi ya moto bila jasho, mkojo umegoma, anapapasa visivyokuwepo. Na moto hauiui sumu: uji wa msaada kule Karamoja, Uganda, 2019, ulioingiwa na sumu hii, ulipikwa, na watu 5 waliripotiwa kufa.

Kaka Makorora: Mbona aliyekunywa dawa ya wadudu shambani mnamchoma atropini hiyohiyo?

Nesi wa Zamu: Ile sumu humjaza makohozi, atropini huyakausha. Mapafu husikilizwa, yakikoroma bado, huongezwa. Fungu la majani utalipimaje?

Mzee Kisamvu: Basi auze majani tu, mbegu asiguse.

Binti Pangani: Na mzizi wa tunguja, wa kutafuna jino likiuma, nao mtauzuia?

Mzee Kisamvu: Mzizi hutafunwa, maji yakatemwa. Tunda lake ndilo la kuogopwa, hasa bichi.

Kaka Makorora: Kwa hiyo tumeshakubaliana inaitwa tunguja?