Tupeane uzoefu: baa na migahawa yenye mandhari ya kutisha, Arusha na Moshi

Mzizi wa Meru
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaojenga au kuendesha sehemu za kula na kunywa zenye mandhari ya kutisha. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1892 Paris, huko Montmartre, ilifunguliwa Cabaret du Néant: vinywaji viliwekwa juu ya majeneza na wahudumu walivaa kama wazika maiti. Tuleteeni vipimo, vifaa na yale yanayoharibika. Naanza na meza.

Jeneza zima halifai kuwa meza. Magoti hayana pa kuingia, mteja anakaa upandeupande, na baada ya nusu saa mgongo ukimuuma anaomba bili. Chonga umbo la mfuniko peke yake kwa plaiwudi ya milimita 18, urefu mita 1.8, upana wa mabegani sentimita 70, kisha weka miguu ya chuma ili uso ukae sentimita 75 kutoka sakafuni. Msalaba, jina na tarehe usiweke. Uchagani watu huzikwa kihambani (shamba la nyumbani), kaburi la babu lipo hatua chache kutoka jikoni. Mteja akiona msalaba chini ya sahani yake haogopi, anakwazika, na harudi tena.

Kioo cha Njiro
Mkuu, asante kwa uzi. Mimi nachangia mzuka wa kioo, ule ambao John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka 1862. Hiyo baa ya Paris uliyoitaja nayo iliutumia, mtu mzima akageuka mifupa mbele ya wateja.

Unahitaji vyumba viwili vilivyokutana kama herufi L. Kimoja mteja anakitazama moja kwa moja. Cha pili kimefichwa pembeni, na humo ndimo anamokaa mzuka. Kioo kisicho na rangi kinasimama pale vinapokutana, kikiwa kimekatiza macho ya mteja kwa nyuzi 45. Mzuka huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule aliokaa mbele yake. Ukitaka aonekane ameketi kwenye kiti kilicho mita 2 nyuma ya kioo, naye mweke mita 2 kutoka kwenye kioo. Pima kwa futi kamba, maana ukikosea hata sentimita 20 anaelea hewani au anakatwa na mgongo wa kiti.

Wengi hukosea kwenye mwanga. Kioo cha kawaida hurudisha takribani sehemu moja ya kumi tu ya mwanga, kwa hiyo mzuka amulikwe kwa nguvu, na chumba cha mbele kiwe hafifu. Chumba cha siri kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, dari na sakafu pia. Ukiacha ukuta mweupe, nao unajitokeza kwenye kioo na mteja anaona chumba kizima. Taa ya mzuka ipandishwe polepole, sekunde tano hivi. Ikiwashwa ghafla siri inatoka.

Unene nao una shida yake. Kioo kina nyuso mbili na kila uso unarudisha picha yake, ndiyo maana kioo kinene hutoa mzuka mwenye kingo mbili. Halafu vumbi. Kiangazi cha Arusha mnakijua, futeni kila jioni kabla ya kufungua. Na wekeni kizuizi mbele, mlevi asije akakipitia.

Mama Mtori
Ndugu zangu, damu ya kuliwa. Sukari kilo 1, maji nusu lita, chemsha hadi ivute kidogo. Ipoe, ndipo utie rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha chai cha kakao. Kakao ndiyo inayoondoa ule wekundu wa pipi. Ya kinywaji tumieni choya (rozela), wekundu wake hukolea ukikamulia limao. Bitiruti ikichemshwa sana hugeuka kahawia, na choya ikikutana na magadi inakuwa ya samawati.

Ila hapa Moshi damu peke yake haimtishi mtu. Kisusio, ile supu ya damu, kinanyweka mchana kweupe. Kwa sababu hiyohiyo, andikeni kwenye menyu kwamba hiyo si damu ya kweli. Mteja Mwislamu hapaswi kubahatisha.

Mzizi wa Meru
Mama, na barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, kwenye glasi?

Mama Mtori
Kaka, ile ni nyuzi 78 chini ya sifuri, kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Glasi isifike kwa mteja mpaka kipande kiishe chote. Mwaka 2012 huko Lancaster, Uingereza, binti wa miaka 18 alikunywa kinywaji chenye naitrojeni ya kimiminika, nayo ya baridi kali, ikabidi tumbo lake litolewe. Kama ni moshi tu unautaka, weka barafu kwenye bakuli kubwa, glasi ikae katikati yake, na madirisha yawe wazi. Hewa yake ni nzito, inalala chini kwenye vyumba vya shimoni.

Fundi Sakina
Naomba msisome haraka hapa. Kuta za pango na ngozi za mazimwi watu wanazichonga kwa sponji ya magodoro. Tarehe 11 Mei 1984, New Jersey, vijana 8 walikufa ndani ya jumba la kutisha ambalo sponji yake ilishika moto. Februari 2003, klabu moja ya Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani, wakafa watu 100. Wengi walikimbilia mlango uleule walioingilia, wakabanana hapo.

Chongeni pango kwa waya wa kuku na plasta ya saruji. Ni zito na linachukua siku nyingi, lakini haliwaki. Milango iwe miwili pande tofauti, ifunguke kwa nje, bila kufuli wakati wa kazi. Mapazia meusi yasifunike mlango wala maandishi ya kutokea.

Umeme ukikatika, jenereta huchelewa sekunde kadhaa, na watu mmeshawatisha tayari. Wekeni taa za betri zinazojiwasha zenyewe, na kila wiki zimeni swichi kuu muone kama zinawaka. Pia wekeni swichi moja kaunta inayowasha taa nyeupe zote na kuzima muziki kwa mpigo.

Mashine ya moshi huifanya kengele ya moto ipige kelele, wengine wanaing'oa kengele. Msifanye hivyo. Chumba hicho wekeni kengele inayohisi joto. Dawa ya mashine iwe ileile ya dukani. Mafuta huziba bomba na kuharibu hewa. Sakafu ipigwe deki kila baada ya saa mbili, ule moshi huacha utelezi.

Bundi wa Kibosho
Nyongeza kuhusu maudhui. Mumiani, bundi, fisi na mbuyu vinatosha kumtisha Mtanzania yeyote. Mikono na miguu ya bandia ya kuning'iniza acheni kabisa. Nchi hii ina wenzetu wenye ualbino waliokatwa viungo, na wanaweza kuwa wameketi meza hiyo.

Mhudumu aliyevaa kinyago asimguse mteja, na kuwe na ishara moja, mfano glasi kugeuzwa juu chini, inayomaanisha tusisogelewe tena. Taa za kuwaka na kuzima zisizidi mara 4 kwa sekunde, na tangazo la wenye kifafa likae nje, kabla ya mtu kulipa kiingilio.

Kioo cha Njiro
Fundi, plasta ya saruji juu ya waya wa kuku, unaweka unene gani dari isije ikadondoka?

Fundi Sakina
Dari usiipige plasta, mkuu. Ukutani sentimita 2 hadi 3, kwa mikono miwili (yaani tabaka mbili), wa kwanza ukauke ndipo upige wa pili. Juu paka rangi nyeusi tu, taa zielekee chini. Gizani hakuna atakayejua pango limeishia wapi.